Vikohozi vya Atlabara

Nimestaafu kazi Jumanne iliyopita, nikiwa na umri wa miaka kumi na sita, afya njema na meno yote kinywani. Nimelitumikia duka la mjomba wangu Lado, hapa Atlabara mjini Juba, kwa miaka miwili: jioni baada ya shule, Jumamosi kutwa, na likizo zote. Wengine wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Mimi nimepewa daftari hili, ambalo ni la hisabati na nusu yake ni mikasi nyekundu ya mwalimu, zile alama za kukosa, nikaambiwa nimwandikie atakayeshika nafasi yangu yote ninayoyajua.

Atakayeshika nafasi yangu ni wewe, Taban. Najua una miaka ishirini na minne na ndevu zinazogusa kola. Hiyo si hoja. Kikazi wewe ni mdogo wangu, na ukifika hapa naomba ukae vizuri uvue kofia.

Sitasema lolote kuhusu kupandishwa cheo, kwa sababu dukani cheo kilikuwa kimoja na Mjomba alikuwa amekikalia. Kuhusu mshahara nitasema tu kwamba nilikula maandazi mengi. Nitakueleza kazi yenyewe, yaani biri. Biri ni ile sigara nene ya kahawia isiyo na karatasi, tumbaku ndani, tumbaku nje, ambayo mwanamume akiishika huanza kuongea polepole kama anahojiwa redioni. Mjomba huziuza kwa watu wa mahotelini, wakandarasi, na wanajeshi waliostaafu na vitambi vyao. Kuuza si kazi. Anayetaka biri anaitaka tu. Kazi ni kumpokea anayerudi.

Anarudi akikohoa. Anasema koo linamwasha, ulimi umekuwa kama amelamba betri, na biri ina ladha ya mkaa, au ya mafuta ya taa, au ya kitu asichotaka kukitaja mbele ya mtoto. Anataka kujua tumemuuzia nini. Hapo ndipo unapoitwa wewe.

Jambo moja niliweke wazi kabla mama yangu hajalipata daftari hili: sijawahi kuvuta hata moja. Yote ninayoyajua nimeyajua kwa kutazama watu wazima wakiteseka, kama refa.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa tumerudi Juba kutoka Kitale mwaka ule, Kiswahili changu kikiwa cha Kenya na Kiarabu changu cha Juba kikiwa cha kuombea maji tu. Mjomba akaniweka nyuma ya meza akaniambia, "Ukiulizwa bei, sema. Ukiulizwa kitu kingine, niite." Kisha akatoka kwenda kutafuta mafuta ya jenereta.

Mteja wa kwanza alikuwa mwenye malori kutoka Sherikat. Alinunua biri moja, akaiwasha palepale mlangoni, akavuta kama mtu anayenyonya petroli kwa mpira, akameza moshi wote. Kwa muda hakikutokea kitu. Macho yake yalinitazama kama yanaomba samahani. Halafu alikohoa, kofia ikaruka, akashika fremu ya mlango, akakohoa mpaka mbuzi waliokuwa ng'ambo ya barabara wakaacha kula. Nikafanya nililoweza: nikamtajia bei.

Aliyeniokoa ni Mzee Kasozi. Wewe bado humfahamu vizuri, Taban, kwa hivyo nikueleze. Mzee Kasozi ni Mganda wa Masaka, ameokoka, hanywi, havuti, na kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli za Kampala kabla ya kuletwa na biashara huku. Mjomba alimchukua kwa sababu anaweza kuishika biri sikioni, akaibonyeza kidogo, akakwambia imekauka tangu lini. Siku ile alitoka stoo, akampa yule mtu wa malori maji ya kawaida, si ya baridi, akamketisha kwenye kreti ya soda.

"Ssebo," yaani bwana, "wewe nameza moshi?"

Mtu wa malori akatikisa kichwa kukubali, maana sauti ilikuwa haijarudi.

"Hapana meza! Hii hapana sigareti. Moshi naingia mdomo, nakaa kidogo, natoka. Iko mgeni ya sebuleni. Wewe napeleka mgeni mpaka chumba ya kulala kwa nini?"

Hilo ndilo somo la kwanza, na ukisahau mengine yote ulishike hilo. Nusu ya makoo yote yanayowasha Juba yanatokana na watu waliozoea sigara kuvuta biri kwa mapafu. Usiwaambie wamekosea. Mteja aliyekohoa mbele za watu tayari ameshaadhibiwa.

Vifaa vya kazi ni vinne. Kuna kikatio, kile chenye makali mawili na matundu ya vidole. Kata ncha tu, ukikata sana majani yanafumuka na mteja anatema tumbaku kama kuku aliyekula mchanga. Kuna kiberiti cha njiti. Usiwashe biri kwa mshumaa wala kwa kiberiti cha petroli. Biri inavuta harufu hiyo na mteja atakwambia anavuta jenereta, na atakuwa anasema kweli. Kuna lile kasha la plastiki la kubebea soda baridi, ambalo sisi hatuwekei barafu bali sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa. Ndani yake biri zinalala. Mwezi wa pili, jua la Juba linapokausha hadi mate, biri iliyoachwa nje inakuwa kama kuni: inaungua haraka, moshi unakuwa wa moto, koo linachunika. Mwezi wa nane ni kinyume, zinanyonya unyevu, zinazimika ovyo, mteja anaziwasha tena na tena na kila akiwasha zinazidi kuwa chungu. Na kuna kipima unyevu, kinachofanana na saa. Wateja watakisoma. Kuna kanali mmoja alikitazama akasema, "Lo, saa nane kasoro," akaondoka mbio kwenda mkutanoni. Sikumzuia.

Mjomba kabla ya Mzee Kasozi alikuwa akiziweka biri ndani ya friza pamoja na kuku. Hayo tuliyasamehe.

Somo la pili nililipata kwa mkandarasi wa barabara, mtu mwema lakini mwenye haraka. Alikuwa akivuta biri kama treni inayopanda mlima, puf puf puf, kisha analalamika kwamba mwisho wake ni uchungu mtupu. Mzee Kasozi alinipa kazi ya kukaa naye na kumhesabia. "Vuta. Sasa subiri nihesabu hadi sitini." Nikifika arobaini alikuwa amenyoosha mkono, namzuia. Ilikuwa kama kumnyonyesha mtoto mwenye masharubu. Lakini biri ikipoa, uchungu unapungua. Ikivutwa mfululizo inajipika yenyewe, na ile lami yake inashuka mdomoni. Yule mkandarasi alirudi wiki iliyofuata akasema ameelewa, na tena, kwa sababu ya kusubiri, sasa anaongea na mke wake.

Somo la tatu ni harufu. "Hii kitu iko kama sponji," Mzee Kasozi alinambia, akainusa biri moja na kuiweka mbali na mwanga. "Nalala karibu na sabuni, nakuwa sabuni. Nalala karibu na samaki, nakuwa samaki." Kwa hivyo rafu ya biri iko upande wake, mbali na samaki wakavu wa Mjomba, mbali na Omo, mbali na vitunguu. Ukiona mtu ameweka kitu juu ya kasha, kiondoe, hata kama ni chakula cha Mjomba. Hasa kama ni chakula cha Mjomba.

Basi, baada ya kukueleza hayo, nikufikishe kwenye kesi kubwa ya maisha yangu ya kazi, ile ya Brigedia Wani, ambapo kilichokuwa hatarini hakikuwa mteja bali mke.

Mjomba Lado alikuwa anampenda Keji, nesi, binti wa kwanza wa Brigedia mstaafu anayekaa New Site. Alimpenda hadi akaanza kunyoa kila siku. Brigedia naye alipenda biri. Kila Mjomba alipokwenda kusalimia alibeba tano, zimefungwa vizuri, na Brigedia alizipokea kwa mikono miwili. Mjomba alirudi akiimba. Sisi wote tulijua kwamba ndoa hii inajengwa kwa tumbaku, na tumbaku inapita mikononi mwangu.

Siku ya kikao cha kwanza cha wazee tulikwenda ukoo mzima, wanaume mbele, wanawake nyuma na masufuria, mimi katikati na zawadi: sanduku zima la mbao, biri ishirini na tano. Brigedia alilipokea, akalifungua, akanusa, akatabasamu. Kisha akalipeleka ndani kwa mkono wake mwenyewe, akarudi na moja ya zile za zamani. Yeye ni mtu wa kuweka akiba. Kipya hakiguswi mpaka cha zamani kiishe.

Akaiwasha kwa kiberiti chake cha petroli. Nikafumba macho. Akavuta kwa kifua chote.

Taban, nimesikia vikohozi. Hicho kilikuwa na cheo. Wazee walisimama, mtu akaleta maji, mwingine akampiga mgongoni kisha akakumbuka anampiga nani akaacha. Brigedia alipopata pumzi aliitazama ile biri, akamtazama Mjomba.

"De sunu?" aliuliza, yaani hiki ni nini. Halafu akahamia Kiswahili, ambacho alijifunza msituni enzi za vita na kila sentensi hutoka kama amri. "Mwezi mzima nanyamaza! Nasema labda ni koo yangu. Hapana! Hii kitu ina ladha ya sabuni! Ladha ya saluni! Mtu anayeuzia watu sabuni ndani ya tumbaku, binti yangu atamlisha nini?"

Mjomba alifungua mdomo, msemaji wetu akamkanyaga. Kwa desturi bwana harusi haongei. Dada yake Brigedia, Shangazi Jokudu, ambaye kazi yake kikaoni ni kutoza faini, alitutoza mbuzi mmoja kwa kumkohoza mwenye nyumba. Kisha kikao kikaahirishwa kwa wiki mbili. Tukaambiwa turudi na biri ya kweli. Ikishindikana, tusirudi tena.

Mjomba hakula siku mbili. Mtu anayekula kama Mjomba akiacha kula, duka zima linajaa ukimya.

Lakini mimi sikutoka mikono mitupu. Wakati wa kuondoa vyombo nilikuwa nimeokota kile kipande cha biri kutoka kwenye kisahani cha majivu, nikakificha kwenye soksi. Jumatatu nilikiweka mbele ya Mzee Kasozi. Kwanza tulinusa kila biri iliyokuwa dukani, moja moja, kama mbwa wa polisi. Safi. Hata hivyo Mjomba, kwa hofu, alihamisha samaki wote wakavu kwenda kwa jirani yetu Hassan, Msomali anayeuza jumla sukari na unga, na Hassan akasimama mlangoni akasema, "Lado, wewe unaoa, mimi ninanuka. Hii ndoa ni ya nani?"

Kisha Mzee Kasozi akainusa biri ya Brigedia. Akafumba macho. Akainusa tena.

"Poni," akaniambia, "hii nanukia bibi harusi."

Nikanusa. Kweli. Chini ya tumbaku kulikuwa na sandali, ule mti wa manukato, na mafuta mazuri, na udi wa kuchomwa nyumbani, ambao huku unaitwa bakhuri. Dukani kwetu hakuna hata kimoja cha hivyo. Kwa hivyo harufu haikutoka kwetu. Ilitoka New Site, nyumbani kwa Brigedia mwenyewe.

Nilitumwa kwenda kumsalimia Mama Keji na ratili mbili za kahawa. Nilimsaidia kuchambua mchele, nikamsifia mapazia, nikasema sijui harusi za Juba zinavyoandaliwa maana nimekulia Kenya. Hiyo ilitosha. Alinishika mkono akanipeleka chumbani kunionyesha sanduku la bati la harusi ya binti yake, lile ambalo mama hujaza kidogo kidogo: vitenge, toub mbili, zile shuka ndefu za kujitanda, sandali iliyolowekwa kwenye mafuta, chupa za manukato, mifuko ya bakhuri. Alifungua kifuniko kama anafungua benki.

"Nusa hapa, ya bit," alinambia, yaani ewe msichana. "Nusa sandali yangu. Mwezi huu imeharibika. Inanuka kambi ya jeshi! Yule mwanamke wa soko la Konyokonyo ameniuzia takataka, na nitamwendea."

Nilinusa. Sandali ilinuka biri. Na pembeni, chini ya kitenge cha pili, niliona kona ya sanduku letu la mbao.

Nikaelewa yote papo hapo. Brigedia ana wadogo zake wanne wanaokuja kila Jumapili na wote wanavuta chochote wanachokiona. Akatafuta mahali ambapo hakuna mwanamume atakayethubutu kutia mkono. Akapapata. Akawa anazilaza biri pamoja na bakhuri, na wiki baada ya wiki biri zikawa zinageuka bibi harusi, na bibi harusi anageuka brigedia.

Nilirudi dukani na siri hiyo nikiwa kama nimebeba yai mdomoni. Tukakaa kikao, mimi na Mzee Kasozi, kwenye kreti.

"Tukinyamaza, Mjomba amekosa mke," nikasema.

"Na tukisema, sisi nasema mkubwa wa watu iko mjinga mbele ya mashemeji. Mke pia napotea."

"Sasa?"

Akafikiri. Akapangusa kikatio kwa shati. "Sisi nasahau sanduku. Sisi nampa moja kutoka kwa kasha yetu, mimi nakata, mimi nawasha. Halafu mimi nafundisha yeye kuvuta, lakini yeye hapana jua kama mimi nafundisha."

Jumamosi ya pili tukaenda. Mzee Kasozi alivaa tai. Msemaji wetu aliomba ruhusa ili mzee wa nyumba ahudumiwe kama anavyohudumiwa mkubwa katika hoteli, na Brigedia akakubali kwa kidevu. Mzee Kasozi akakata ncha, akawasha njiti, akaiacha iungue kwanza mpaka baruti imalizike, akaizungusha biri taratibu juu ya moto. Kisha, kabla ya kumkabidhi, akasema kwa sauti ya mtu anayekumbuka tu mambo ya zamani:

"Mimi nahudumia wakubwa miaka mingi, Afande. Mtu nakuja baa, mimi hapana tazama nguo. Mimi natazama yeye navuta namna gani. Private nameza moshi. Sajenti nameza. Hata meja, nusu nameza. Lakini jenerali!" Akafumba macho. "Jenerali naweka mdomo, naonja, naachia. Jenerali hapana haraka."

Brigedia alinyanyua biri. Mkono ulikuwa thabiti. Akavuta kidogo. Nikaona shavu limejaa, nikaona kifua kinataka kupanda, kisha nikaona kifua kikikatazwa. Akauachia moshi. Ukatoka mzuri, wa buluu, ukaelekea kwenye feni.

Hakukohoa. Akasubiri, akavuta tena. Hakukohoa. Wazee wa kwao wakaanza kupumua. Mjomba alikuwa amekunja vidole vya miguu ndani ya viatu, nilikiona kiatu kinavimba.

"Tamu," akasema Brigedia. "Hii ni tamu kweli kweli."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nipige kigelegele. Ndipo uso wake ulipobadilika.

"Kumbe!" alisema, akaiweka biri chini. "Kumbe iko nzuri! Na zile zote za nyuma? Leo unataka mke, unaleta nzuri. Siku zote unaniletea sabuni! Kijana anaweka kizuri mpaka siku anataka kitu. Akishapata mke, kizuri kitarudi wapi? Khalas, basi. Mimi nimeona tabia yake."

Taban, hilo hatukulipanga. Tulikuwa tumemponya koo, na kupona kwake ndiko kulikokuwa ushahidi dhidi yetu. Msemaji wetu alianza kusema "Kwa heshima," akakwama hapo hapo kwenye heshima. Mzee Kasozi alikuwa anaitazama tai yake. Mjomba, ambaye haruhusiwi kuongea, alinitazama mimi, na macho yalikuwa yale yale ya mtu wa malori kabla hajakohoa.

Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, nimeshika birika. Msichana haongei kwenye kikao cha wazee. Hata sikuzungumza kwa sauti, naapa. Nilisema tu, "Zile pia zilikuwa nzuri, Babu. Ni kwa vile zimelala na nguo za bibi harusi."

Wazee wote wakageuka kulitazama birika langu.

Mama Keji aliweka chini sinia. Aliingia ndani, tukasikia bati likigongwa, kisha tukasikia likiburutwa. Akatoka nalo peke yake, sanduku ambalo kwa kawaida hubebwa na watu wawili, akalitua katikati ya wazee, akalifungua. Akainua kitenge cha kwanza, akainua cha pili. Likatokea sanduku letu la mbao, na biri zote ndani, zimepangwa kwa mistari kama kikosi kwenye gwaride.

"Wani," akasema.

Brigedia alitazama feni.

"Nilikwenda Konyokonyo, Wani. Nikamtukana yule mwanamke. Nikamtukana mama yake."

Shangazi Jokudu alikuwa ameshafika. Aliinusa biri, akasema, "Bibi harusi." Akainusa toub, akasema, "Kambi." Akaipitisha biri kwa wazee wa kwao na toub kwa wazee wa kwetu, kisha wakabadilishana, na kila mmoja alinusa kwa makini kama anayeitwa shahidi mahakamani. Mzee mmoja wa kwao alirudisha biri kwa shingo upande. Nadhani alikuwa mmoja wa wale wadogo wanne.

"Faini," Shangazi Jokudu akatangaza. "Huyu msichana, mbuzi mmoja, kwa kuongea mbele ya wazee."

Nikasema malesh, samahani.

"Na mwenye nyumba, fahali mmoja, kwa kulaza tumbaku kitanda kimoja na ndoa ya binti yake."

"Mimi natozwa faini nyumbani kwangu?" Brigedia akauliza.

"Unataka wawili?"

Ndipo Brigedia alipoanza kukohoa tena, na kila mtu akaruka na glasi ya maji, lakini safari hii kilikuwa kicheko kilichopita njia isiyo yake. Alicheka mpaka machozi yakatoka. Kisha akajipangusa, akaichukua biri yake ilipokuwa, akamwonyesha msemaji wetu kwa kidole.

"Endelea," alisema. "Haraka. Kabla mama yenu hajakumbuka kitu kingine."

Kabla jua halijatua walikuwa wamekubaliana. Mjomba alilia kwenye pikipiki njia nzima kutoka New Site hadi Atlabara, akidai ni vumbi.

Harusi ilikuwa nzuri na sitaieleza, maana haikuhusu kazi. Nitasema tu kwamba bibi harusi alinukia tumbaku kwa mbali na hakuna aliyethubutu kulitaja.

Wiki tatu baadaye, Jumanne, Keji alikuja dukani mara ya kwanza kama mke wa mwenye duka. Alikuwa ametoka zamu, bado amevaa sare nyeupe ya unesi. Alinikuta na mteja, nikimwambia yale yale, usimeze, pole pole, maji ya kawaida. Akasubiri amalize kununua. Akasubiri atoke.

"Poni, una miaka mingapi?"

"Kumi na sita, Shangazi. Na uzoefu wa miaka miwili."

"Shule inafunguliwa lini?"

"Ilifunguliwa jana."

Akakaa kwenye kreti. "Na dawa ya koo linalowashwa na biri ni nini?"

Nilifurahi. Nilimpa somo lote, bila kuruka: kuweka moshi mdomoni, kuhesabu sitini, njiti badala ya petroli, sponji, unyevu, kutowasha kipande cha jana. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akieleza mahali asipoumwa.

"Zote hizo ni dawa za kumfanya avute nyingine," alisema. "Ya koo ni moja, na wewe unaijua, kwa sababu hujawahi kuvuta. Wale unaowaambia 'pole pole' hapa, mimi nawapokea kule wodini. Wanafika pole pole kweli."

Nikamgeukia Mjomba nyuma ya meza, ambaye nilimpigania mke mbele ya wazee ishirini kwa gharama ya mbuzi mzima.

"Mjomba, sema kitu."

Mjomba alikuna shingo. Akamtazama mkewe. Akanitazama mimi.

"Daftari lako la hisabati liko wapi?" akasema.

Ndivyo nilivyostaafishwa, Taban, na mwanamke niliyemwoza mwenyewe. Sina kinyongo, alinipikia maandazi ya kuniaga na jioni ile ile akakaa nami kwenye milinganyo, na anaifahamu kuliko mwalimu. Wewe shika kazi. Loweka sponji kila Jumatatu, mheshimu Mzee Kasozi, mteja akikohoa usicheke mpaka amevuka barabara. Lakini usijinunulie aproni mpya bado. Juzi nilipopita kuchukua chumvi nilimkuta Keji amesimama mbele ya rafu yetu ya biri, anaipima kwa mkono, shubiri kwa shubiri, anaandika kwenye karatasi. Nikamuuliza anapima nini. Akaniambia vyandarua vya watoto vya kuuza vinahitaji nafasi kubwa.